Sviatoslav Richter: mpiga piano aliyezima taa ili watu wasimtazame

Pedali ya Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa kwaya za zamani kuna mdau alinitania: huyo babu mwenye upara kwenye wasifu wako ni nani, mbona ana sura ya mtu aliyepotelewa na mbuzi? Nikamwahidi jibu refu. Leo mvua imenifungia ndani na chai ipo kwenye chupa, nalipa deni.

Anaitwa Sviatoslav Richter, mpiga piano. Kabla ya tarehe na miji naomba niwape picha moja, maana ndiyo iliyonifanya nimfuatilie mtu huyu miaka yote.

Ni miaka ya 1980. Ukumbi umejaa, watu wamelipa tiketi, wengine wametoka mbali. Taa zinazimwa, zote, hata za jukwaani. Kinachobaki ni kitaa kimoja kidogo kando ya piano kinachomulika karatasi za nota. Mzee wa miaka 70 na ushee anaingia, anakaa, anaanza hapo hapo. Uso huuoni. Vidole huvioni sawasawa. Umelipa kumwona Richter, na Richter amekunyima. Alipoulizwa alieleza kwamba sura ya mpigaji na mbio za vidole vyake hazimsaidii msikilizaji kitu, zinamwibia usikivu tu. Aliyekuja kwa ajili ya mtunzi, tuseme Schubert, amsikilize Schubert.

Wengi huishia kusema mzee alikuwa na vituko. Mimi naona kuna jambo zaidi. Ngoja niwaeleze alikotoka, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 Zhytomyr, mji uliokuwa ndani ya himaya ya Urusi na leo uko Ukraine. Baba yake, Teofil, alikuwa wa damu ya Kijerumani, mpiga piano na ogani aliyesomea Vienna. Mama, Anna, alitoka katika ukoo wa Kirusi uliokuwa na ardhi, na kabla ya ndoa alikuwa mwanafunzi wa huyo huyo Teofil. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofumuka, mtoto alitenganishwa na wazazi akiwa na miaka mitatu, akalelewa na dada wa mama yake hadi 1921. Huko alipenda kuchora kuliko kitu kingine chochote. Hakuacha kuchora maisha yake yote. Ukubwani alitengeneza picha za pasteli ambazo wachoraji wenyewe waliziheshimu.

Baadaye familia ikakutana Odessa. Baba alikuwa akifundisha muziki na kupiga ogani katika kanisa la Kilutheri la Wajerumani wa pale.

Nainuka kidogo, narudi.

Binti Pangani

Nimekaa mkao wa kula. Ila nikiri mapema, huo muziki ukipigwa dakika tano mimi nimelala.

Mpiga Kinanda wa Usharika

Mleta uzi, hapo kwa baba kupiga ogani kanisani umenigusa. Nimekaa kwenye kinanda cha usharika wetu miaka 11 na mwanangu hataki hata kukigusa. Huyo Teofil alimfundishaje kijana wake? Skeli asubuhi na jioni?

Pedali ya Kushoto

Mpiga Kinanda, utacheka. Baba alijaribu, mtoto akawa mbishi, baba akakata tamaa. Kijana akajifundisha mwenyewe. Hakupita kwenye mazoezi ya vidole kama watoto wengine. Alianza moja kwa moja na nokturni ya Chopin, vipande vya watu wazima. Akawa anachukua vitabu vizima vya opera, zile za Wagner zenye unene wa tofali, anasoma nota za okestra yote na kuzipiga kwenye piano papo hapo. Ukiniuliza siri ya Richter ni nini, nitakwambia ni hiyo. Wenzake walijifunza piano. Yeye alijifunza kusikia okestra nzima, na piano ikawa chombo kilichokuwa karibu.

Akiwa bado kijana mdogo alikuwa akiwapigia waimbaji kwenye klabu za mji, ikiwemo ya mabaharia, kisha akaingia jumba la opera la Odessa kuwafanyisha waimbaji mazoezi. Tarehe 19 Machi 1934, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alifanya onyesho lake la kwanza peke yake, Chopin mwanzo mwisho, katika klabu ya wahandisi.

Mwaka 1937 akaenda Moscow, kwenye Konsavatori, kwa mwalimu aliyeitwa Heinrich Neuhaus. Hebu fikirini: kijana wa miaka 22, hajawahi kukaa darasa la piano la maana, anaomba kuingia shule kubwa kuliko zote nchini. Neuhaus akamsikiliza, akamnong'oneza mwanafunzi aliyekuwa kando yake kwamba huyu ni kipaji cha kutisha. Baadaye alikiri wazi kwamba hakuwa na kikubwa cha kumfundisha. Alimpokea nyumbani kwake pia. Richter hakuwa na pa kukaa, akawa analala chini ya piano ya mwalimu.

Kuna somo moja tu lililomshinda, siasa. Hakuhudhuria vipindi vya itikadi ya chama, wakamfukuza, akarudishwa, wakamfukuza tena. Cheti chake rasmi alikipata 1947, wakati tayari nchi nzima inamjua.

Kilichompa jina ni muziki wa mtunzi Prokofiev. Mwishoni mwa 1940 alipiga sonata ya sita ya Prokofiev mbele ya watu wa Moscow. Prokofiev akamwamini, na sonata ya saba akamkabidhi yeye aizindue. Ilikuwa Januari 1943, vita vimepamba moto. Richter aliijifunza kwa siku nne. Isikilizeni sehemu ya mwisho ya hiyo sonata halafu mrudi hapa mniambie siku nne zinatosha kwa binadamu wa kawaida. Miaka michache baadaye Prokofiev alimwandikia sonata ya tisa, tuseme kama zawadi. Ya tisa ni pole na ya faraghani. Richter alikuwa anaipenda. Mimi bado inanikwepa.

Mhenga wa Odessa

Uzi umenirudisha mbali. Nilisoma Odessa miaka ya 1980, mambo ya meli. Hilo kanisa la Wajerumani nililikuta gofu. Liliungua 1976 na hakuna aliyejali kulitengeneza enzi zile. Tulikuwa tunapita hapo kwenda mjini na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia nani alipiga ogani pale. Nasikia lilikuja kujengwa upya na kufunguliwa 2010. Jumba la opera lenyewe ukiliona usiku unasahau baridi.

Lakini mleta uzi, nakungoja kwenye habari ya baba. Pale Odessa wazee walikuwa wakifika kwenye mwaka 1941 wanabadilisha mazungumzo.

Pedali ya Kushoto

Mhenga, umenitangulia. Nilitaka nipumzike kabla ya hapo, basi tumalize.

Juni 1941 Ujerumani inaivamia Urusi. Kuanzia siku hiyo, kuwa na jina la Kijerumani ndani ya nchi ya Kisovieti ni balaa. Wajerumani wa Volga walikusanywa wote, wakapelekwa Kazakhstan na Siberia. Teofil Richter alikuwa na kosa jingine juu ya jina: aliwahi kufundisha muziki nyumbani kwa balozi mdogo wa Ujerumani pale Odessa. Kazi ya mwalimu wa muziki, ada ya mwezi, ikahesabiwa ujasusi.

Walipewa nafasi ya kuhamishwa kutoka Odessa kabla adui hajafika. Hawakwenda. Na hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu wa tatu, Sergei Kondratiev, mwanamuziki aliyewahi kumfundisha Sviatoslav nadharia. Alikuwa amelala kitandani miaka kwa miaka, akisema ana kifua kikuu cha mifupa, na Anna ndiye aliyemuuguza. Anna hakukubali kuondoka na kumwacha. Teofil naye hakuondoka bila mke. Agosti akakamatwa, na Oktoba 1941 akapigwa risasi pamoja na wengine, siku chache kabla majeshi ya Romania na Ujerumani hayajaingia mjini. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70.

Halafu yule mgonjwa akainuka kitandani. Richter mwenyewe ndiye aliyesimulia hivyo uzeeni. Anna akaolewa naye, na Wajerumani waliporudi nyuma 1944 wawili hao wakaondoka nao hadi Ujerumani. Kondratiev akachukua jina la Richter. Ndiyo, jina la marehemu.

Wakati haya yanatokea, mtoto yuko Moscow, anapiga piano. Mwalimu wake naye, Neuhaus, alikamatwa Novemba mwaka huo huo, akafungwa miezi zaidi ya minane kisha akapelekwa uhamishoni Sverdlovsk. Baba wa damu amekufa, baba wa pili yuko gerezani, mama kimya. Na mwaka 1945 kijana huyo huyo anapewa tuzo ya kwanza ya mashindano ya nchi nzima, akigawana na Viktor Merzhanov. Mwaka 1950 Tuzo ya Stalin.

Nenda karudi kwenye ule ukumbi wa giza sasa.

Binti Pangani

Nimesoma hiyo ya mgonjwa kuinuka nikaiweka simu chini. Jina la mume wa kwanza analivaa vipi mtu?

Mhenga wa Odessa

Binti, kukimbilia Ujerumani wakati ule ukiwa na jina la Kijerumani ilikuwa na faida. Simtetei.

Kibarazani

Mimi nina swali gumu kidogo, mleta uzi usikasirike. Serikali imekuulia baba, inakupa nishani na wewe unapokea. Rostropovich, mpiga sello, mwenzake kabisa, alimpa mwandishi Solzhenitsyn aliyeandamwa na serikali hifadhi nyumbani kwake, akaandika barua ya wazi mwaka 1970, akaishia kuondoka nchini na kunyang'anywa uraia. Huyu Richter alifanya nini? Alikaa kimya, akapiga piano, akapewa na Tuzo ya Lenin. Kuzima taa naona ni kujificha tu.

Pedali ya Kushoto

Kibarazani, sikasiriki, nilikuwa nalisubiri swali hilo. Na sitamfanya shujaa.

Ni kweli alikaa kimya. Hakuandika barua, hakusaini za kulaani watu wala za kuwatetea. Tuzo ya Lenin alipata 1961, na 1975 akaitwa Shujaa wa Kazi ya Kijamaa. Alizipokea zote kwa uso ule ule wa mbuzi aliyepotea. Lakini yapo mambo mawili ambayo mtu akiyaweka pamoja picha inakuwa tofauti.

La kwanza, Machi 1953. Stalin anafariki tarehe 5, na Prokofiev anafariki siku hiyo hiyo. Richter yuko Tbilisi. Analetwa Moscow kwa ndege iliyojaa mashada ya maua, yeye akiwa abiria kati ya mashada, ili akapige piano kwenye Ukumbi wa Nguzo alikolazwa Stalin. Anakuta piano ya hovyo, pedali haifanyi kazi. Akainama chini ya piano kutafuta namna ya kuirekebisha, na walinzi wakashtuka wakidhani anatega bomu. Alisimulia kisa hiki kwa dharau kavu, kama mtu anayeeleza foleni ya benki. Wakati huo rafiki yake Prokofiev amelala nyumbani bila maua, maana maua yote ya Moscow yamechukuliwa na maiti nyingine.

La pili, Juni 1960. Mwandishi Boris Pasternak amefariki Peredelkino, nje kidogo ya Moscow. Alikuwa mtu aliyelaaniwa na chama kwa sababu ya Tuzo ya Nobel, na kwenda mazikoni kwake ulikuwa mtihani. Wakuu wa umoja wa waandishi walijificha. Richter alikwenda, akakaa kwenye piano ya nyumba ile akapiga, kwa zamu na Maria Yudina na Stanislav Neuhaus, mtoto wa mwalimu wake. Hakuna aliyemwita. Hakutoa hotuba. Miezi minne baadaye alitakiwa kuruhusiwa kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, kwa hiyo usiniambie hakujua anachohatarisha.

Rostropovich alikuwa jasiri kwa mdomo na kwa vitendo, na namheshimu. Ila mtu aliyeona jinsi jina tu linavyomuua baba yake, akaamua kwamba hatakuwa na jina wala uso, mimi siwezi kumwita mwoga. Hapo tutofautiane.

Kibarazani

Ya Pasternak sikuijua. Napunguza sauti, lakini sijashawishika asilimia zote. Nishani zinarudishwa, kaka.

Mpiga Kinanda wa Usharika

Turudi kwenye muziki kabla Kibarazani hajafungua baraza la mahakama. Mikono yake ilikuwaje? Na nimesikia alikuwa anapiga kwa kusoma nota, sio kichwani. Huku kwetu ukisoma nota mbele ya watu wanasema hujafanya mazoezi.

Pedali ya Kushoto

Mikono ilikuwa mikubwa ajabu. Angeweza kuanzia do na kufika sol iliyoko juu ya do inayofuata, kwa mkono mmoja, bila kuruka.

Hadi karibu 1980 alipiga kila kitu kwa kichwa, na hicho kila kitu kilikuwa programu kama 80 za maonyesho, ukiacha kupiga na wengine. Kisha akaweka nota mbele na hakuziondoa tena. Alisema ni uaminifu: nota zikiwa mbele yako huwezi kupuuza alama ndogo aliyoandika mtunzi. Kulikuwa na sababu nyingine ya kusikitisha. Masikio yalianza kumgeuka. Alikuwa na kipawa cha kutambua sauti yoyote bila kuipimia kwenye chombo, na uzeeni kipawa hicho kikawa adui: alisikia sauti zikiwa juu kuliko zilivyo, jicho linasoma ufunguo mmoja, sikio linaleta mwingine. Mpiga Kinanda, jaribu kuhamisha ufunguo wa kinanda chako kwa siri halafu upige tenzi unayoijua kwa moyo. Ndiyo hali aliyoishi nayo.

Kuhusu kuchagua piano, hakuchagua. Wenzake walikagua vyombo vitatu vinne kabla ya onyesho. Yeye alisema mambo hayo yanamtia mtu wasiwasi bure; unakuta kilichopo, unapiga. Baadaye Yamaha walimpa piano na mafundi, akashukuru hasa kwa sababu tatizo limeondoka mikononi mwake.

Sasa safari. Wakubwa walichelewa sana kumwachia kwenda Magharibi. Mama yuko Ujerumani, na walihofia akivuka hatarudi. Mpiga piano mwenzake, Emil Gilels, alitangulia kwenda Marekani mwaka 1955, na kila aliposifiwa aliwaambia wangoje wamsikie Richter. Wakangoja miaka mitano. Oktoba 1960 akaanzia Chicago na konseto ya pili ya Brahms, kisha New York, Carnegie Hall, maonyesho mfululizo. Mji ulipagawa. Yeye aliona amepiga vibaya na rekodi nyingi za ziara ile hakutaka kuzisikia.

Na pale New York ndipo mama alipokuja. Karibu miaka 20 hawajaonana. Alikuja na Kondratiev, ambaye sasa anajiita Richter na anawasimulia waandishi wa habari kama mzazi. Sitaongeza neno hapo. Mama alifariki 1963.

Marekani hakuipenda, alisifu makumbusho, okestra na vinywaji vyake. Alirudi mara chache, na mwaka 1970, alipokuwa jukwaani na David Oistrakh, waandamanaji wa kuipinga Urusi walivuruga onyesho. Hakukanyaga tena.

Binti Pangani

Huyu alikuwa anaona raha wapi sasa? Maana New York hataki, nishani hataki, taa hataki.

Pedali ya Kushoto

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Ghalani, kwa mfano. Mwaka 1963 alikuwa akizunguka karibu na Tours, Ufaransa, wakamwonyesha ghala la mawe la karne ya 13 mahali panapoitwa Grange de Meslay. Kuku walikuwa wanazurura humo ndani. Akatazama paa la mbao, akasema tamasha lifanyike hapo. Mwaka uliofuata likaanza, na hadi leo lipo.

Makumbusho ya Pushkin pale Moscow ni kwingine. Mwaka 1981, pamoja na mkurugenzi Irina Antonova, alianzisha "Usiku wa Desemba", muziki katikati ya michoro. Mtoto aliyetaka kuwa mchoraji alirudi mlango wa nyuma.

Lakini furaha yake kuu, nadhani, ilikuwa 1986. Ana miaka 71. Jina lake linajaza ukumbi wowote duniani. Akapanda gari, kwa sababu ndege alizichukia, akatoka Moscow kuelekea mashariki, akavuka Siberia yote hadi bahari ya Pasifiki, akaenda Japani, akarudi kwa njia ile ile. Safari iliyochukua nusu mwaka, na karibu kila alipolala alipiga. Miji mingine haikuwa na ukumbi wa muziki. Alipiga kwenye shule, kwenye kumbi za utamaduni za wafanyakazi, kwenye piano iliyokuwepo. Wasikilizaji wake walikuwa walimu, madereva, wauguzi, wanafunzi waliokuja na vitabu vya shule. Wengi hawakuwa na habari kwamba huko Paris tiketi yake inagombaniwa.

Kwa Binti Pangani anayelala: usianze na Schubert. Tafuta rekodi ya Sofia, tarehe 25 Februari 1958, "Picha za Maonyesho" ya Mussorgsky. Ni majira ya baridi, watu wanakohoa kama wodi ya kifua, na Richter anakosea nota hapa na pale. Hizo nota za makosa ziko kwenye sahani maarufu kuliko zake zote na hakuna anayezijali. Ukifika kwenye kipande cha mwisho, "Lango la Kiev", ukalala, basi una tatizo la kiafya.

Schubert uje naye baadaye, sonata ya mwisho, ile ya si bemoli. Wapigaji wengine wanakwenda na sehemu ya kwanza kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Richter anachukua zaidi ya dakika 20, karibu 25. Mwaka 1957 Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, kijana mwenye ulimi mkali asiyependa marudio ya Schubert, alikuwa Moscow akaingia kumsikiliza. Alitegemea kuchoka. Akakaa kama aliyepigwa kipapai.

Mhenga wa Odessa

Kuna lile la mashindano ya Tchaikovsky 1958, mbona umeliruka?

Pedali ya Kushoto

Nilisahau. Alikuwa jaji, mwenyekiti Gilels. Kijana wa Marekani, Van Cliburn, alikuwa anapiga vizuri kuliko wote na wakubwa wanakuna vichwa, vita baridi ile. Richter akampa alama za juu kabisa, na washiriki wengi aliowaona wa kawaida akawapa sifuri. Cliburn akashinda. Richter hakukaa tena kwenye meza ya majaji maisha yake yote. Kibarazani, hiyo nayo ihesabu.

Mwisho wake ulikuwa kimya. Onyesho la mwisho lilikuwa Lübeck, Ujerumani, Machi 1995. Moyo ulikuwa umechoka, akakaa Ufaransa kwa muda, akarudi Moscow Julai 1997 na tarehe 1 Agosti akafariki. Siku zile alikuwa anafanya mazoezi ya vipande vya Schubert. Amezikwa makaburi ya Novodevichy. Mwenzake wa maisha, mwimbaji Nina Dorliak, alimfuata mwaka uliofuata. Ghorofa yao ya Bolshaya Bronnaya, ghorofa ya 16, ni makumbusho sasa.

Kabla hajafa alikubali kuhojiwa na Mfaransa Bruno Monsaingeon kwa ajili ya filamu. Mzee anasoma kutoka kwenye daftari lake, kila kitu kidogo kidogo. Mwisho anasema hajipendi, basi, anainamisha kichwa mikononi. Nimeitazama mara nyingi na kila mara natamani kuizima kabla ya hapo.

Kibarazani

Alikuwa Mrusi, Mjerumani au Mukraine? Maana hapa wadau wataanza kugombana.

Pedali ya Kushoto

Kazaliwa Zhytomyr, kakulia Odessa, damu nusu ya Kijerumani, lugha Kirusi, kaburi Moscow. Gombaneni bila mimi, nakwenda kuanua nguo.

Mpiga Kinanda wa Usharika

Narudi baada ya siku tatu na ripoti. Jana jioni baada ya mazoezi ya kwaya nilibaki peke yangu kanisani. Nikazima taa zote, nikabaki na tochi ya simu kwenye nota, nikapiga Bach mmoja ninaoujua nusu. Wakuu, sikukosea hata mara moja hadi ukurasa wa pili. Halafu mlinzi akaingia na rungu, kaona giza, kasikia kinanda, kaita jina la Bwana mara tatu. Imebidi nimnunulie soda. Leo asubuhi ameniuliza kama nitapiga tena Alhamisi, aje akae ndani.